Televisheni Kubwa Nyumbani kwa Askari: Pima kwa Hatua, Usipime kwa Macho

Mwezi wa Agosti mwaka 2025 nchi tatu jirani, yaani Uganda, Kenya na Tanzania, zilikuwa wenyeji wa CHAN, mashindano ya kandanda ya Afrika kwa wachezaji wanaochezea vilabu vya nyumbani kwao. Waliobahatika kuingia viwanjani walijionea kwa macho yao. Lakini wengi waliokuwa zamu, malindoni na vituoni, waliyafuata mashindano hayo kwa vipande vipande katika mesi, kantini na vibanda vya sinema, hadi Morocco ilipoishinda Madagascar kwa mabao 3 kwa 2 katika fainali iliyochezwa Nairobi. Na tangu mwezi wa Septemba mwaka 2023 nchi hizo hizo zilikuwa zimekwisha kukabidhiwa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027. Si ajabu, basi, askari anaposhika mshahara wake akawaza kwanza habari ya televisheni kubwa ya kuweka nyumbani, ili naye atazame pamoja na jamaa zake kwa utulivu.

Wazo hilo si baya. Mtu aliyekesha lindoni anastahili starehe ya halali nyumbani kwake. Lakini fedha za askari ni fedha za jasho, na mara nyingine ni fedha za damu. Wapo waliozipata Somalia, ambako majeshi ya Uganda yalitua kwa mara ya kwanza mwezi wa Machi mwaka 1907 na mia moja zaidi, yaani 2007. Wapo waliozipata kwa mkopo wa chama cha akiba, mkopo unaokatwa katika mshahara mwezi baada ya mwezi huku karo ya watoto ikingoja. Kosa linalofanywa dukani kwa nusu saa huweza kulipwa kwa mwaka mzima. Kwa hiyo yafaa neno moja lieleweke tangu mwanzo: ukubwa wa televisheni hauamuliwi dukani, huamuliwa ndani ya chumba itakamowekwa.

MAANA YA INCHI

Mfanyabiashara anaposema televisheni ni ya inchi 55, hazungumzii upana wala urefu wake. Anazungumzia mstari wa mshazari, kutoka pembe ya juu ya kioo hadi pembe ya chini ya upande wa pili. Inchi moja ni sentimita 2.54. Kioo cha inchi 32 kina upana wa sentimita 71 hivi. Cha inchi 43 kina sentimita 95. Cha inchi 55 kina sentimita 122. Na cha inchi 65 kina sentimita 144.

Aidha, ikumbukwe kwamba inchi chache zaidi huongeza kioo kuliko mtu anavyodhani. Kutoka inchi 55 hadi 65 ni nyongeza ya inchi 10 tu katika maneno, lakini eneo la picha huongezeka kwa karibu asilimia 40. Na kioo cha inchi 65 ni zaidi ya mara nne ya kile cha inchi 32. Dukani, penye ukumbi mpana na dari ya juu, ukubwa huo hauonekani. Ukifika nyumbani ndipo televisheni inapogeuka kuwa ukuta.

HESABU YA HATUA

Askari ana kipimo ambacho raia wengi hawana, nacho ni mguu wake. Katika majeshi na polisi waliofuata desturi ya Uingereza, hatua ya gwaride ni inchi 30, yaani sentimita 76. Simama mahali ambapo kiti chako kitakaa, kisha tembea hatua za gwaride hadi pale kioo kitakapokuwa. Hesabu hatua hizo, uzizidishe kwa 19. Jibu utakalopata ndilo ukubwa wa televisheni unaofaa chumba chako, kwa inchi.

Hesabu hii haikutolewa hewani. Msingi wake ni kanuni inayokubaliwa na mafundi wengi wa picha, kwamba umbali wa mtazamaji uwe kiasi cha mara 1.6 ya mshazari wa kioo. Kwa umbali huo kioo hujaza sehemu nzuri ya macho bila kumlazimisha mtu kugeuza shingo kama mtazamaji wa mchezo wa tenisi.

Mathalani, chumba chenye hatua 2 kitafaa kioo cha inchi 38, basi nunua cha 32 au cha 40. Chumba cha hatua 3 kitabeba inchi 55 barabara. Hatua 4 zitabeba inchi 75. Anayeishi katika zile nyumba za mabati za mviringo ziitwazo yunipoti, ambazo polisi wengi wa Uganda wanazifahamu vizuri, aghalabu hatapata hatua zaidi ya 2 baada ya kitanda na pazia kuchukua nafasi zao. Tena ukuta wa mviringo haupokei kioo bapa. Itakubidi utumie meza, na meza hiyo hula nusu hatua nyingine. Kwa mtu huyo televisheni ya inchi 65 si starehe. Ni adhabu aliyojinunulia mwenyewe.

PICHA INATOKA WAPI?

Jambo la pili ni kujua utatazama nini. Kioo hakitengenezi picha. Kinaonyesha tu kile kinacholetwa. Matangazo mengi ya kawaida bado huletwa kwa mistari 576 tu. Picha hiyo ikinyoshwa juu ya kioo kikubwa mno, wachezaji huonekana kama wamefunikwa na ukungu, na namba zilizo migongoni mwao hazisomeki. Kwa matangazo ya namna hiyo, kioo cha inchi 43 huweza kuonyesha picha nzuri kuliko cha inchi 65.

Vioo vikubwa vya siku hizi huandikwa 4K, maana yake vina nukta za picha zipatazo milioni 8.3, wakati vile vya daraja lililo chini yake vina milioni 2 tu. Tofauti hiyo ni ya kweli, lakini jicho nalo lina mpaka wake. Juu ya kioo cha inchi 55, mtu mwenye macho mazima akikaa zaidi ya mita 2.2, yaani karibu hatua 3, ni vigumu kwake kutambua nukta za daraja la chini. Kwa hiyo 4K si dhambi, ila usikubali kuongezewa bei kwa ajili ya 8K. Utalipia nukta ambazo jicho lako halitaziona.

Kadhalika, uliza kama ndani ya televisheni mna kipokezi cha DVB-T2. Tarehe 17 Juni 2015 ilikuwa ndiyo kikomo kilichokubaliwa kimataifa cha kuachana na mawimbi ya zamani ya analojia, na nchi za Afrika Mashariki zilichagua mfumo huo wa DVB-T2 kwa matangazo ya antena ya kawaida. Televisheni yenye DVB-T ya kwanza, bila ile 2, haitapokea kitu mpaka ununue king'amuzi cha pembeni. Vioo vingi vya mitumba kutoka ng'ambo vina upungufu huo.

AINA ZA KIOO

Sokoni ziko aina kuu mbili. Ya kwanza ni ile iitwayo LED, ambayo taa zake hukaa nyuma ya kioo na kukiangaza. Ya pili ni OLED, ambayo kila nukta hutoa mwanga wake yenyewe; weusi wake ni weusi wa kweli, na picha za usiku hupendeza mno. Lakini OLED ni ya bei kubwa, na alama isiyohama, kama vile nembo ya kituo cha habari, ikikaa pale pale saa nyingi kila siku kwa miaka, huweza kuacha kovu. Nyumba ambayo televisheni huwashwa alfajiri na kuzimwa usiku, LED inatosha.

Iko pia plazima, ambayo bado huuzwa katika maduka ya mitumba. Panasonic iliacha kuitengeneza mwaka 2013, Samsung na LG wakafuata mwaka 2014. Hula umeme mwingi, na vipuri vyake ni adimu. Usiguse.

Ukiwa dukani, usisimame mbele ya kioo peke yake. Nyumbani kwa askari hawakai watu wawili. Majirani hujaa mpaka mlangoni. Basi sogea pembeni, utazame kutoka ubavuni. Viko vioo ambavyo rangi zake hufifia mara ukihama katikati, na viko vinavyostahimili. Kisha mwombe muuzaji aondoe mwanga wa dukani na kuweka ule wa nyumbani, maana maduka huwasha televisheni kwa ukali wa kupindukia ili ivute macho. Mtego bila chambo haunasi. Na kwa mpenzi wa kandanda, kioo chenye Hz 100 au 120 huonyesha mpira unaokwenda kasi kwa usafi kuliko chenye Hz 50 au 60. Lakini isome namba ya kioo chenyewe, si ile iliyokuzwa kwa majina ya kupendeza juu ya boksi.

UMEME NA RADI

Televisheni ya LED ya inchi 55 huweza kutumia wati 100 hivi. Ikiwashwa saa 5 kwa siku, hiyo ni yuniti 15 kwa mwezi. Anayelipa umeme kwa kadi na aliweke hilo katika hesabu yake. Aliye katika kituo cha mpakani, anayetegemea jua, na ahesabu kwa uangalifu zaidi. Betri ya kawaida ya volti 12 na saa-ampea 100 hubeba wati-saa 1200, na kwa usalama wake hutumiwa nusu tu, yaani 600. Televisheni ya wati 100 kwa saa 4 itakula 400, bila kutaja taa, simu na umeme unaopotea njiani. Ile ya inchi 32 yenye wati 40 itakula 160 tu.

Tena, bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi kuliko zote duniani. Wingu likitanda, kuzima kwa kidude cha mkononi hakutoshi. Chomoa waya wa umeme na waya wa antena, vyote viwili. Na kwa siku za kawaida, weka kifaa cha kudhibiti nguvu ya umeme, kwani umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo huunguza vyombo.

UHAMISHO NA ULINZI

Raia hununua televisheni akaiweka mahali pamoja miaka 10. Askari hupokea barua ya uhamisho leo, kesho kutwa yumo njiani. Kioo bapa hubebwa kikiwa kimesimama, hakilazwi chali chini ya magodoro na masufuria. Kwa hiyo usitupe boksi lake wala maboya yake ya ndani. Na kabla ya kununua, ujiulize: je, boksi hili litapita mlango wangu, na litapata nafasi katika lori pamoja na mizigo ya wenzangu? Ukifika, ifunge televisheni ukutani au mezani kwa mkanda imara. Kioo kikubwa kinachosimama juu ya miguu miwili myembamba huweza kumwangukia mtoto anayejivuta kusimama.

Liko jambo jingine linalowahusu watu wa vyombo vya ulinzi hasa. Televisheni zinazounganishwa na intaneti, nyingine zina kipaza sauti, na chache zina kamera. Mwezi wa Novemba mwaka 2019 ofisi ya FBI ya Portland, Marekani, iliwaonya wananchi kwamba vifaa hivyo huweza kuwa mlango wa kuingilia wapelelezi na wezi. Hatusemi usinunue. Twasema: funika kamera, zima kipaza sauti katika mipangilio, na mambo ya kazi yasizungumzwe mbele ya chombo kinachosikia. Isitoshe, intaneti ina gharama yake. Filamu ya daraja la juu huweza kumaliza GB 3 kwa saa moja.

RISITI KWANZA

Mwisho, mali bila daftari hupotea bila habari. Dai risiti yenye jina lako na namba ya televisheni, na dhamana iliyopigwa mhuri. Bei ya chini kupita kiasi, muuzaji asiye na duka, biashara ya jioni nyuma ya kituo cha basi: hizo ni dalili ambazo kila polisi anazijua. Kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai, na itakuwa fedheha kubwa kielelezo cha kesi kikakutwa sebuleni kwa mlinzi wa sheria.

Ndugu askari, jirani yako akinunua inchi 75, mpongeze, kisha rudi ukapime hatua zako. Kama ni mbili, ni mbili. Nunua kinachozitosha, na fedha itakayosalia ipeleke shuleni. Siku timu yetu itakapofunga bao, furaha ya nyumba yenye kioo cha inchi 40 kisicho na deni itakuwa kamili, na mwisho wa mwezi mshahara utafika mzima.