Urujuani wa Usambara, ua lisilopenda jua kali

Je, wajua kwamba ua la chungu linalopamba madirisha ya nyumba nyingi Ulaya na Marekani asili yake ni misitu ya Tanzania na kusini mashariki mwa Kenya? Urujuani wa Usambara ulifika Ujerumani kupitia Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani huko Tanga, aliyeutuma kwa baba yake. Mwaka 1893 Hermann Wendland, wa bustani za Herrenhausen mjini Hanover, aliuandika kitaalamu na kuuita Saintpaulia.

Porini hujishikiza kwenye nyufa za miamba, karibu na vijito, chini ya miti mirefu. Majani yake yameumbwa kunasa mwanga hafifu. Ukiuanika kwenye jua la mchana, hugeuka manjano na kuungua kingo. Hata maji yana masharti: yakiwa baridi kuliko jani, chembe za ndani hufa na kuacha madoa meupe ya duara. Mwagilia udongo, tena kwa maji ya uvuguvugu.

Ua lenyewe ni la ajabu. Halina asali. Chavua imefungiwa katika vifuko viwili vya manjano, na nyuki hulazimika kulikumbatia ua na kutetemesha misuli yake ya mbawa ndipo imwagike.

Basi penye jua la kutwa upande nini? Mimi ningechagua vinka, mzaliwa wa Madagaska, ambao huishi miaka kadhaa ukichanua karibu mfululizo. Majani yake ni laini na yenye kung'aa, na huvumilia ukame. Kivulini hurefuka bure na maua huwa haba. Kinachouua upesi ni maji yanayotuama, kwa kuwa mizizi huoza. Ndani yake wanasayansi wamepata vinblastini na vinkristini, dawa za kutibu saratani, ikiwemo ya damu kwa watoto. Lakini mmea wenyewe ni sumu. Usiuchemshe wala kuutafuna, na mbuzi wasiufikie.

Vinka huoteshwa kwa mbegu. Urujuani huhitaji jani moja tu lenye kikonyo: lichomeke kwenye mchanga wenye unyevu, barazani penye kivuli, na baada ya wiki kadhaa miche midogo hujitokeza kwenye kitako cha kikonyo.