Kuhama, Chakula na Kimo cha Kijana

Wahenga walinena kuwa mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini hapa Mukuru kwa Njenga mwenyeji ni nani? Wazazi wengi walitoka Kitui, Machakos, Kisii au Busia kutafuta vibarua viwandani. Wengine wamevuka mipaka, na darasani mwetu tunaye mwenzetu aliyetoka Kivu, nchini Kongo. Ndugu msomaji, nataka kueleza jinsi kuhama kunavyogusa sahani ya kijana, na jinsi sahani hiyo inavyogusa kimo chake.

Tuanze na mwili wenyewe. Binadamu hukua mbio mara mbili: akiwa mtoto mchanga na wakati wa kubaleghe. Wasichana hutangulia, na wavulana hufuata kama miaka 2 baadaye. Mvulana anaweza kurefuka senti 9 kwa mwaka mmoja. Mifupa hurefuka kwenye gegedu iliyo karibu na ncha zake. Gegedu hiyo ikishageuka mfupa mtupu, basi, urefu umekwisha. Chakula kikipungua, mwili hupunguza mwendo na kubaleghe huchelewa.

Sasa, kuhama kunaingiaje hapa? Kule Ukambani familia huchuma kunde na mbaazi shambani, na huenda ina mbuzi wa maziwa. Hapa kila kitu ni pesa, hata maji. Kodi ya nyumba hulipwa kwanza, chakula baadaye. Asubuhi ni chai ya rangi na mandazi, jioni ugali na sukuma kidogo. Tumbo linajaa lakini mwili bado una njaa. Yule mwenzetu wa Kivu alizoea ugali wa muhogo kwa sombe na sambaza, samaki wadogo wa ziwa lao. Muhogo hauna protini nyingi. Sombe na sambaza ndio waliokuwa wakimjenga. Hapa ugali umebaki, wajenzi wamepotea.

Wapo wanaosema, "Aa, ufupi ni wa ukoo tu!" Ukoo una sehemu yake, sikatai. Hata hivyo, mtaalamu Barry Bogin na wenzake waliwapima watoto wa Kimaya ambao wazazi wao walihama Guatemala kwenda Marekani. Mwaka wa 2000 walikuwa wamewazidi wenzao waliobaki Guatemala kwa zaidi ya senti 10. Damu ni ile ile. Kilichobadilika ni chakula, maji safi na matibabu. Basi kuhama kwenyewe si ugonjwa. Kuhama kunaweza kumrefusha mtu au kumdumaza, kutegemea anachokikuta.

Tufanyeje na mifuko yetu mitupu? Omena huliwa na mifupa yake, kwa hivyo hutupa protini na kalsiamu pamoja. Huyo ndiye sambaza wetu. Githeri ni bora kuliko mahindi peke yake, kwani maharagwe huongeza kile ambacho mahindi yamekosa. Wasichana huhitaji madini ya chuma zaidi ya wavulana kwa sababu ya hedhi: miligramu 15 kwa siku, wavulana 11. Chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia madini hayo, lakini ndimu au chungwa huyasaidia kuingia mwilini. Tena, tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi wa pakiti uongezwe vitamini na madini. Unga wa kupima wa posho mill kwa kawaida hauna nyongeza hiyo.

Walimu wetu wapendwa, mwaka wa 2023 kaunti ya Nairobi ilianzisha Dishi na County, na watoto wa shule za msingi wakaanza kula kwa shilingi 5. Sisi wa sekondari ya kutwa tuko katika miaka ya mwisho ya kurefuka, na wengi wetu hushinda njaa mpaka jioni. Naomba wazazi na walimu wakae pamoja, tuchange kidogo kidogo, ipikwe sufuria moja ya githeri saa saba. Haba na haba hujaza kibaba.

Nanyi wanafunzi wenzangu, tuache kumwita mwenzetu mbilikimo. Aliyechelewa kubaleghe bado ana nafasi ya kurefuka, ila gegedu hazisubiri milele. Mgawie omena.