Dirishani Mikumi, Dirishani Kilosa: Picha Zetu Zinajua Nini?

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya hadi Zambia inaikata Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takribani kilomita 50. Ndiyo maana abiria aliyekata tiketi ya Makambako kwenda kumuuguza shangazi yake anajikuta akitazamana na tembo. Basi zima linahamia upande mmoja, simu zinatoka, na kabla ya kufika Ruaha Mbuyuni picha zimeshatua kwenye kundi la familia. Kaskazini ya Mikumi, bado ndani ya wilaya ya Kilosa, abiria wa treni ya umeme iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024 wanapiga picha za milima, Mto Mkondoa na midomo ya mahandaki.

Wapigaji hawa si wataalamu, na wengi hufuta nusu ya walichopiga kwa kuona kimeharibika. Nawaomba wasiharakishe. Makosa yaliyomo katika picha hizo yana sayansi yake, na zile zinazoonekana za kawaida kabisa mara nyingi zina taarifa ambazo mpigaji mwenyewe hajui kuwa anazo.

Tuanze na picha zenye ukungu. Tuseme ndani ya hifadhi basi linakwenda kilomita 50 kwa saa, yaani karibu mita 14 kila sekunde. Kamera ikipokea mwanga kwa 1/60 ya sekunde, basi limeshasogea sentimita 23 kabla picha haijakamilika. Kwa 1/1000 ya sekunde, limesogea sentimita 1.4 tu. Simu hujichagulia muda huo yenyewe: jua likiwa kali huufupisha, na alfajiri, jioni au nyuma ya kioo cha giza huurefusha. Ndipo majani ya kando ya lami yanapogeuka michirizi.

Hata hivyo, katika picha hiyohiyo twiga aliyesimama mita 200 kutoka barabarani anaonekana safi. Basi limesogea kiasi kilekile kwa majani na kwa twiga, lakini machoni mwa kamera kitu cha mbali hubadilisha pembe kidogo mno. Kwa hiyo abiria asihangaike na ngedere aliye ukingoni mwa lami. Asubiri kundi lililoko ndani zaidi ya uwanda wa Mkata. Simu aiweke karibu na kioo ili kupunguza mwakisiko, bila kuiegemeza, kwa sababu kioo kinatetemeka pamoja na injini.

Ukiwa kwenye treni utakutana na ajabu nyingine: nguzo za umeme zilizonyooka zinatokea pichani zikiwa zimeinama. Nguzo hazina tatizo. Simu nyingi hazisomi picha yote kwa mpigo mmoja. Kihisi cha mwanga husomwa mstari baada ya mstari, kutoka juu kwenda chini. Tuseme usomaji huo unachukua milisekunde 20. Treni inayokwenda kilomita 160 kwa saa inasogea mita 44 kwa sekunde, hivyo kati ya mstari wa kwanza na wa mwisho imeshasogea karibu sentimita 90. Kichwa cha nguzo kimerekodiwa kikiwa mahali pamoja, na kitako kikiwa mahali pengine. Jaribu kuishika simu wima badala ya ulalo na mistari itasomwa kutoka upande hadi upande: safari hii nguzo itanenepa au itakonda badala ya kuinama.

Ajabu ya tatu haitokani na kamera kabisa. Katika miezi ya kiangazi, lami inayopita uwanda wa Mkata huonekana mbele kama imelowa. Hayo ni mazigazi. Lami inapopata joto kali, hewa iliyoigusa hutanuka na kuwa nyepesi kuliko hewa ya juu yake. Mwanga wa anga unaoshuka kuelekea lami hupinda ndani ya tabaka hizo na kuinuka tena hadi kwenye jicho, na sisi tunaona kipande cha anga chini tukidhani ni maji. Kwa kuwa mwanga wenyewe ndio uliopinda, kamera nayo hurekodi kilekile tunachokiona.

Basi ukishajua kamera imebadilisha nini na haikubadilisha nini, unaweza kuitumia picha kama ushahidi. Umbo la mabaka ya twiga halibadiliki maisha yake yote, na hakuna twiga wawili wenye mabaka sawa. Huko Tarangire, watafiti wa Wild Nature Institute huwatambua twiga mmojammoja kwa picha za ubavuni, na kufuatilia nani amezaa, nani amehama na nani hajaonekana tena. Kinachotakiwa ni picha ya upande uleule kila mara, maana mabaka ya kulia na ya kushoto hayafanani. Picha kama hiyo abiria wa Mikumi anaweza kuipiga.

Kusini ya Mikumi, katika milima ya Udzungwa, picha ilitangulia hata jina la kisayansi. Mwaka 2005 kamera zilizotegwa katika msitu wa Ndundulu zilimnasa sengi, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, wa uso wa kijivu, ambaye hakuwa amewahi kuelezwa na sayansi. Mwaka 2008 alitangazwa rasmi kuwa spishi mpya, *Rhynchocyon udzungwensis*.

Ushahidi mwingine unahuzunisha. Mwaka 1995 mtafiti Carlos Drews alichapisha kazi yake kuhusu wanyama wanaogongwa na magari katika barabara ya Mikumi. Msingi wa kazi ya namna hiyo ni taarifa chache: mnyama gani, wapi, lini. Picha ya mzoga kando ya lami, ikiwa na saa na mahali, inabeba zote tatu.

Na si wanyama tu. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 Mkondoa ulifurika, ukawaacha maelfu ya watu wa Kilosa bila makazi na kuibomoa reli ya kati kuelekea stesheni ya Gulwe. Mto huo huhama, huchimba kingo na kujaza mchanga. Mtu anayepiga picha ya daraja lilelile, akisimama palepale, masika na kiangazi, mwaka baada ya mwaka, anajenga kumbukumbu ya kina cha maji na mwendo wa ukingo. Nguzo ya daraja inakuwa kipimo chake. Picha ya namna hiyo haitashinda tuzo yoyote, lakini mhandisi atakayejenga tuta ataishukuru.

Thamani hii hupotea kirahisi. Picha halisi ya simu huandikiwa ndani yake tarehe, saa na, ukiruhusu, mahali ilipopigwa. Ukiituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, hubanwa na taarifa za mahali huondolewa. Ukiituma kama faili la hati, taarifa hizo hubaki zilivyo. Hifadhi picha ile halisi, na andika jina la mahali kwa maneno yako.

Lakini mahali pa mnyama anayewindwa pasitangazwe. Katika mfumo wa ikolojia wa Selous na Mikumi, sensa za kutoka angani zilikadiria tembo 38,975 mwaka 2009 na 13,084 tu mwaka 2013. Ujangili ndio uliowapunguza hivyo. Mtandao wa iNaturalist huficha wenyewe mahali halisi pa spishi zilizo hatarini, na sisi tufanye hivyo kwa mikono yetu: wahifadhi wapewe taarifa hizo, umma usipewe. Wala tusimrushie nyani ndizi ili asogee apigwe picha. Nyani aliyezoea chakula cha dirishani huja kukingoja barabarani, na barabarani ndipo anapogongwa.

Walimu wa Kilosa, Kimamba na Mikumi wanaweza kuanza kesho bila bajeti: wachague daraja moja, mti mmoja na kipande kimoja cha mto, wanafunzi wapige picha palepale kila mwezi na kuandika tarehe. Wilaya hii inabadilika kwa kasi, kwa reli, kwa mafuriko na kwa mashamba mapya. Hali yake ya leo inaweza kurekodiwa leo tu, na wanaoweza kuirekodi ni wale wanaoiona kila siku.