Maji Ndani ya Punje: Sayansi ya Kazi za Mavuno

Katika Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, mvua hukoma karibu na mwezi wa Mei, na kipupwe kinapoingia wakulima wa mahindi huanza kuvuna. Kuanzia Juni hadi Agosti kazi za nyumbani huwa nyingi: kuvuna, kusomba, kumenya, kuanika, kupukuchua, kupepeta na kuhifadhi. Kila mmoja katika kaya hupewa sehemu yake, na hata mtoto atokaye shuleni hutumwa kugeuza mahindi yaliyoanikwa na kuwafukuza kuku. Kazi hizo zimerithiwa kwa desturi, lakini kila moja ina sababu yake ya kisayansi. Sababu kubwa kupita zote ni kiasi cha maji kilichomo ndani ya punje. Maji hayo yasipoondolewa kwa wakati, chakula cha mwaka mzima huweza kuharibika ndani ya ghala lenyewe.

Punje ni kitu hai

Punje ya hindi ni mbegu, na mbegu hupumua. Hutumia wanga wake pamoja na oksijeni ya hewani, na kutoa kabonidayoksaidi, maji na joto. Katika punje kavu upumuaji huo ni mdogo mno. Katika punje yenye maji mengi huongezeka sana. Kwa hiyo lundo la mahindi mabichi likifungiwa ghalani hujitia joto na unyevu lenyewe. Hali hiyo huotesha kuvu, nao kuvu hupumua na kuongeza joto zaidi. Ndiyo maana mtu akipenyeza mkono katikati ya gunia la mahindi yasiyokauka husikia ujoto.

Hindi likikomaa, doa jeusi hutokea kwenye kitako cha punje, pale iliposhikamana na gunzi. Doa hilo ni dalili kwamba punje haipokei tena chakula kutoka kwenye mmea. Hata hivyo, wakati huo karibu theluthi moja ya uzito wake bado ni maji, ilhali mahindi ya kuhifadhiwa hayapasi kuzidi asilimia 13.5. Sehemu ya maji hayo hukauka mahindi yakiwa bado shambani, na iliyobaki lazima iondolewe nyumbani.

Mathalani, gunia la kilo 100 lenye maji asilimia 20 lina kilo 80 za punje kavu kabisa. Maji yakipungua hadi asilimia 13, kilo hizo 80 huwa ni asilimia 87 ya uzito mpya. Gunia sasa litakuwa na kilo 92 hivi, maana kilo 8 za maji, yaani lita 8, zimekwenda hewani.

Sababu ya turubai

Punje hubadilishana maji na hewa iliyoizunguka. Hewa ikiwa kavu, punje hutoa maji. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, punje huyanywa tena. Kwa sababu hiyo mahindi huanikwa kwa tabaka jembamba, hugeuzwa mara kwa mara, na hufunikwa au kuingizwa ndani jioni kabla ya umande. Hayafai kuanikwa juu ya udongo mtupu, kwa kuwa ardhi ina unyevu na pia hubeba mbegu za kuvu. Turubai, mkeka au kichanja huyatenga na hatari hizo.

Baadhi ya kuvu, hasa aina iitwayo Aspergillus flavus, hutengeneza sumukuvu. Sumu hiyo hudhuru ini, na kuipika hakuiondoi. Mwaka 2004, katika mikoa ya mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 kati yao walifariki. Mwaka 2016 maradhi hayo yaliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara nchini Tanzania. Punje zilizooza hazina budi kuchaguliwa na kutupwa; zisitengenezwe pombe wala zisipewe mifugo.

Jaribio la chumvi

Jaribio lifuatalo laweza kufanywa darasani. Chupa safi ya kioo iliyo kavu kabisa hujazwa mahindi hadi theluthi moja, kisha hutiwa vijiko viwili au vitatu vya chumvi iliyokaushwa vizuri juani. Chupa hufungwa, hutikiswa kwa dakika moja, na huachwa itulie kwa dakika 15. Chumvi ikigandamana na kuta za chupa, mahindi yana maji zaidi ya asilimia 15. Isipogandamana, yako chini ya kiwango hicho. Chumvi hulowa kwa sababu huanza kunyonya maji pale unyevu wa hewa unapofikia asilimia 75 hivi, na hiyo ndiyo hali ya hewa iliyomo katikati ya punje zenye maji asilimia 15. Kwa kuwa kiwango salama ni cha chini zaidi, hata chumvi isipogandamana yafaa mahindi yaongezewe siku moja au mbili za jua.

Adui asiyejali ukavu

Ukavu huwadhoofisha kuvu na fukusi, lakini haumzuii dumuzi. Mdudu huyu asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 aliripotiwa mkoani Tabora. Huweza kuishi katika mahindi makavu sana, na hustawi zaidi kwenye punje ambazo bado zimo katika gunzi. Kwa hiyo wakulima hushauriwa kupukuchua mahindi kabla ya kuyahifadhi.

Njia mojawapo ya kumwangamiza bila dawa ni mfuko usiopitisha hewa, wenye tabaka mbili za plastiki ndani ya gunia. Wadudu waliomo humaliza oksijeni kwa kupumua, kisha hufa. Mahindi yasiyokauka yasitiwe humo, kwani mfuko huyafungia pamoja na maji yake, nayo yataoza.

Hivyo, mwanafunzi anayegeuza mahindi juani na kuyafunika jioni anailinda akiba ya chakula ya nyumbani kwao. Ikiwa shule itamfundisha kupima kwa chupa na chumvi, kaya yake itaweza kujua, badala ya kukisia, siku ambayo gunia linafaa kufungwa.