Je, Wajua? Makosa ya Waamuzi Yaliyoandika Upya Kanuni za Hoki ya Barafuni

Je, wajua kwamba adhabu ya mchezaji mmoja wa hoki ya barafuni iliwahi kuwafanya watu wamiminike barabarani mjini Montreal, wakavunja vioo vya maduka hadi usiku wa manane?

Ilikuwa Machi 1955. Maurice Richard, mfungaji aliyeogopwa kuliko wote katika timu ya Montreal Canadiens, alipigwa gongo kichwani katika mechi iliyochezwa Boston. Akalipiza, na katika vurumai hiyo akamtwanga ngumi mwamuzi wa mstari, Cliff Thompson. Rais wa ligi ya NHL, Clarence Campbell, alimfungia mechi zote zilizobaki za msimu pamoja na zile za mtoano. Wakanada wanaozungumza Kifaransa hawakuiona adhabu hiyo kama ya mchezaji peke yake. Waliona bwana mkubwa wa upande wa Kiingereza akimkanyaga mtoto wao, tena katika mji ambao wazungumzaji wa Kiingereza ndio walioshika benki, viwanda na vyeo.

Tarehe 17 Machi, Campbell alikwenda mwenyewe uwanjani Forum kuangalia Canadiens wakicheza na Detroit Red Wings. Mashabiki walimrushia mayai na nyanya. Bomu la machozi likalipuka ndani ya ukumbi, mechi ikavunjwa, na Detroit, waliokuwa wakiongoza 4-1, wakapewa ushindi. Umati ulimwagikia mtaa wa Sainte-Catherine, na kesho yake ilibidi Richard mwenyewe azungumze redioni kuwaomba watu watulie. Msimu ulipokwisha, alikosa ufalme wa pointi kwa tofauti ya pointi moja. Aliyempita ni mwenzake wa timu, Bernie Geoffrion, na mashabiki wa Montreal walimzomea Geoffrion kwa kosa hilo la kufunga magoli. Richard hakuwahi kuupata ufalme huo maishani mwake.

Campbell, kabla ya kuwa rais, alikuwa mwamuzi wa NHL katika miaka ya 1930. Kumpiga mwamuzi ni kosa kubwa, na sidhani kuna ligi ambayo ingelinyamazia. Lakini watu wa Montreal walikuwa na hoja ambayo haijazeeka hadi leo: mtu mmoja ndiye aliyesikiliza shauri, akahukumu, akapanga na ukubwa wa adhabu. Anayeamini kwamba timu fulani inabebwa huanzia hapo, kwenye swali la nani anaamua na anaamulia wapi.

Kwa asiyeufuata mchezo huu, afahamu kwanza ugumu wa kazi yenyewe. Kinachochezewa ni kisahani cheusi cha mpira mgumu chenye uzito wa gramu 170 hivi, ambacho hugandishwa kabla ya mechi ili kisidundedunde. Mapigo makali hukirusha kwa kasi inayopita kilomita 160 kwa saa. Wachezaji sita kila upande, kipa akiwamo, wanateleza kwa viatu vya vyuma na kugongana makusudi, kwa sababu kanuni zinaruhusu. Leo mechi ya NHL ina waamuzi wakuu wawili, wenye vitambaa vya rangi ya chungwa mikononi, na waamuzi wa mstari wawili. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1990, mwamuzi mkuu alikuwa mmoja tu.

Na huyo mmoja, usiku wa tarehe 27 Mei 1993, alikuwa Kerry Fraser. Toronto Maple Leafs walikuwa wanahitaji ushindi mmoja waingie fainali ya Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa NHL. Katika muda wa nyongeza, gongo la Wayne Gretzky wa Los Angeles Kings lilimpata Doug Gilmour usoni, damu ikamtoka kidevuni. Fraser hakuona. Akawauliza wasaidizi wake, nao wakasema hawakuona. Gretzky, ambaye kosa hilo lingeweza kumtoa mchezoni, alibaki barafuni na muda mfupi baadaye akafunga goli la ushindi. Siku mbili baadaye alifunga matatu katika mechi ya saba, ya mwisho ya mfululizo huo, na Toronto ikatolewa. Huko Toronto bado wapo wanaoamini kwamba ligi ilimtaka nyota wake mkubwa acheze fainali, mjini kwa watu wa sinema, kuliko kuona timu mbili za Kanada zikigombea kombe. Fraser mwenyewe amekiri kwa miaka mingi kwamba tukio lile lilimpita. Mimi namwamini. Macho mawili hayatoshi kwa watu kumi na wawili waendao kasi vile, na ligi ilipoongeza mwamuzi wa pili miaka michache baadaye, ilikuwa inakubali jambo hilo hilo.

Montreal, iliyotwaa kombe mwaka huo wa 1993, ndiyo timu ya mwisho ya Kanada kulibeba hadi tunapoandika. Maple Leafs hawajalitwaa tangu 1967. Hata hivyo, mashabiki wa timu nyingine hupenda kudai kwamba Toronto ndiyo inayobebwa, kwa sababu chumba cha ligi kinachokagua marudio ya video ya kila mechi kiko Toronto.

Je, wajua kwamba kombe liliwahi kuamuliwa na kidole cha kiatu? Msimu wa 1998-99, NHL ilikuwa na kanuni kali: mshambuliaji akitanguliza mguu ndani ya eneo la kipa lililopakwa rangi ya buluu kabla kisahani hakijaingia humo, goli linafutwa. Mwaka mzima magoli safi yalifutwa kwa sababu ya ncha ya kiatu ambayo haikumbughudhi mtu yeyote. Ikaja mechi ya sita ya fainali, mjini Buffalo, Juni 1999. Muda wa nyongeza wa tatu, usiku umeshakuwa mkubwa, Brett Hull wa Dallas Stars anamfunga kipa Dominik Hasek huku mguu wake mmoja ukiwa ndani ya eneo hilo. Dallas mabingwa. Wachezaji na wapiga picha wakafurika barafuni, na baada ya hapo goli halikuweza kufutwa tena.

Ligi ilieleza kwamba Hull hakupoteza umiliki wa kisahani tangu alipokisogeza kwa mguu hadi alipokipiga, kwa hiyo alikuwa na haki ya kuingia. Ilieleza pia kwamba ufafanuzi huo ulikuwa umeshatumwa kwa timu zote. Kisheria, maelezo hayo yanasimama. Lakini shabiki wa Buffalo hakuwa ameuona waraka huo. Alichokuwa ameona ni magoli yakifutwa msimu mzima kwa kosa linalofanana na lile, halafu goli kubwa kuliko yote likaachwa. Msimu uliofuata kanuni hiyo ilitupwa. Buffalo Sabres, waliojiunga na ligi mwaka 1970, hawajawahi kulishika Kombe la Stanley.

Hata kabla ya goli la Hull, mwaka 1980, mwamuzi wa mstari Leon Stickle aliacha shambulizi la New York Islanders liendelee ingawa lilikuwa la kuotea, likazaa goli katika mechi iliyowapa ubingwa wao wa kwanza dhidi ya Philadelphia. Baadaye alikiri kwamba alikosea. Watu wa Calgary nao wanakumbuka mechi ya sita ya fainali ya 2004, pale kisahani kilipogonga mguu wa Martin Gelinas na kipa wa Tampa Bay akakiokoa kwa mguu kwenye mstari wa goli. Hadi leo wanaapa kilikuwa kimeshavuka.

Waamuzi nao wamewahi kugoma. Mei 1988, kocha wa New Jersey Devils, Jim Schoenfeld, alimtukana mwamuzi Don Koharski kwenye ujia baada ya mechi dhidi ya Boston. Ligi ikamfungia, timu ikakimbilia mahakamani na kupata amri ya kumruhusu asimamie mechi iliyofuata. Waamuzi wakakataa kutoka chumbani. Mechi ya nusu fainali ya kombe kubwa kuliko yote ikachezeshwa na waamuzi wa ridhaa waliotafutwa papo hapo, baadhi yao wakiwa wamevaa jezi za manjano za mazoezi.

Kama kuna mwaka ambao mashabiki walishinda hoja, ni 2019. Tarehe 23 Aprili, mechi ya saba, Vegas Golden Knights wanaongoza 3-0 nyumbani kwa San Jose Sharks, zimebaki takriban dakika kumi na moja. Kisahani kinaanzishwa, Cody Eakin anamsukuma Joe Pavelski kwa gongo kifuani, Pavelski anayumba, anagongana na mchezaji mwingine na kuangukia kichwa. Damu barafuni. Hakuna mwamuzi aliyenyanyua mkono tukio lilipotokea. Baada ya kuona damu walijadiliana, wakatoa adhabu kubwa: dakika tano, na Eakin nje. Katika adhabu ya aina hiyo mchezaji harudi hata timu yake ikifungwa. San Jose wakafunga mara nne ndani ya dakika hizo. Vegas walisawazisha mwishoni, kisha wakafungwa muda wa nyongeza, 5-4. Ligi iliwaomba radhi Vegas, na waamuzi wakuu wa usiku ule hawakupangwa raundi iliyofuata.

Haikupita hata mwezi, San Jose hao hao wakawafunga St. Louis Blues katika muda wa nyongeza, baada ya Timo Meier kukisukuma kisahani kwa mkono kumfikia mwenzake, jambo lisiloruhusiwa. Uwanja mzima uliona marudio kwenye skrini. Waamuzi hawakuruhusiwa kuyatumia, kwa sababu kosa hilo halikuwa kwenye orodha ya yanayokaguliwa. St. Louis walijikaza, wakashinda mfululizo ule na kombe lenyewe. Msimu uliofuata kanuni mbili mpya ziliingia: waamuzi wapitie video kabla ya kuthibitisha adhabu kubwa, na pasi ya mkono inayozaa goli ikaguliwe. Ukitaka kujua kanuni ya video imetoka wapi, tafuta timu iliyoumia mwaka uliotangulia.

Kuna kosa la aina nyingine ambalo video hailigusi, nalo ndilo linalonisumbua zaidi. Watafiti wa takwimu wamebaini kwamba timu iliyoadhibiwa kwanza huwa na nafasi kubwa zaidi ya kuona adhabu inayofuata ikienda kwa wapinzani. Mashabiki walilijua hilo zamani bila hesabu yoyote. Halafu, Machi 2021, kipaza sauti kilichoachwa wazi kwenye mechi ya Nashville na Detroit kilimnasa mwamuzi Tim Peel akisema kwamba kosa halikuwa kubwa, ila alitaka kuwapa Nashville adhabu mapema. Kesho yake NHL ilitangaza kwamba hatachezesha tena. Alikuwa amebakiza wiki chache astaafu. Ligi iliondoa mtu; tabia aliyoitamka haikuwahi kuelezwa hadharani ni ya wangapi.

Suala hili la kuwaamini waamuzi limekuwa zito zaidi tangu 2018, Mahakama Kuu ya Marekani ilipofungua mlango wa kamari ya michezo katika majimbo. NHL ilikuwa miongoni mwa ligi zilizopinga mahakamani. Leo kampuni za kamari zinatangaza viwanjani mwake.

Nchini Kenya, ambako Ice Lions wa Nairobi wamekuwa wakifanya mazoezi kwenye barafu ya hoteli moja ya Barabara ya Mombasa, na ambayo ilikubaliwa katika shirikisho la dunia la mchezo huu mwaka 2024, waamuzi wa kesho ndio kwanza wanafundishwa. Wajifunze kwa raga. Mtazamaji wa raga anamsikia refa akijadiliana na mwenzake wa video neno kwa neno, anajua alichoona na alichokosa kuona. Katika NHL mwamuzi huvaa kipaza sauti, lakini hukiwasha kutangaza uamuzi tu. Katika zile mechi mbili za 2019, aliyetoa maelezo kwa waandishi alikuwa msimamizi, si waliopuliza filimbi. Wa Kenya wawashe vipaza sauti wakati wa majadiliano yenyewe, kuanzia mechi ya kwanza ya msimu hadi fainali.