Kugawanya: Hesabu Inayolinda Haki ya Mrithi

Wazazi wengi hudhani mtoto ameshajua kugawanya pindi anapojibu kwamba 24 kugawanya kwa 8 ni 3. Mwulize jibu hilo lina maana gani, na aghalabu atanyamaza.

Kugawanya kuna maana mbili. Ya kwanza ni kugawia: tende 24 kwa watu 8, kila mmoja apate ngapi? Ya pili ni kufunga mafungu: tende 24, kila mfuko tende 8, itajaa mifuko mingapi? Jibu ni moja, lakini maswali ni mawili, na mtoto anayahitaji yote.

Tunashauri somo lianzie mkekani kabla ya daftari. Mpeni mtoto kokwa 24 na visahani 8, agawe moja moja mpaka ziishe. Kisha mwongezeeni ya 25. Itabaki moja, naye atajua kuwa baki si kosa. Ndipo arejee kwenye jedwali la kuzidisha, kwani kugawanya ni kuzidisha kulikogeuzwa.

Akishaelewa, apewe mfano wa mirathi. Marehemu ameacha mke, mtoto mmoja wa kiume na mmoja wa kike. Wazazi wake wameshatangulia mbele ya haki. Gharama za maziko, madeni na wasia vimeshaondolewa, wakabaki mbuzi 24. Mke ana thumni: 24 kwa 8, ni mbuzi 3. Wanabaki 21. Mtoto wa kiume ana mafungu mawili, wa kike moja, jumla matatu: 21 kwa 3 ni 7. Binti apata 7, kaka yake 14. Ajumlishe 3, 7 na 14. Ikirudi 24, hakuna aliyepunjwa.

Wanazuoni wetu hawakuitenga hesabu na dini. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyeishi Baghdad katika karne ya 9, alitenga sehemu kubwa ya kitabu chake cha aljebra kwa masuala ya wasia na mirathi.

Suratun-Nisaa, aya ya 10, inawaonya vikali wanaokula mali ya yatima kwa dhulma. Mwenye kudhulumu hufurahi akimkuta mrithi asiyeweza kuhesabu fungu lake. Basi tusiwaachie walimu peke yao kazi hii. Robo saa baada ya Maghribi, kwa kokwa na visahani, inatosha kuianza.