Ndege Waharibifu katika Majengo ya Biashara

Ukienda sokoni alfajiri, kabla wauzaji hawajapanga bidhaa zao, tazama juu ya paa. Katika miji ya pwani, kama vile Dar es Salaam na Mombasa, utawaona kunguru wamejipanga ukingoni mwa paa wakingoja. Wanaijua saa ambayo muuza samaki hutupa matumbo ya samaki wake. Ukiingia katika ghala lililo karibu, utawaona njiwa manga wametua juu ya kenchi, na shomoro wakidonoa punje zilizomwagika mlangoni.

Kwa nini ndege hawa wanapenda kuishi mahali penye watu wengi? Kila ndege huhitaji chakula, maji, na mahali pa kulala na kujenga kiota. Soko au ghala humpa vyote hivyo pamoja. Kenchi za paa ni kama matawi yasiyotikiswa na upepo, wala nyoka hazifikii kwa urahisi.

Baadhi ya ndege hawa hawakuja wenyewe. Kunguru aliyezagaa katika miji yetu ya pwani ni kunguru wa India. Mwili wake ni mweusi na shingo yake ni ya kijivu. Usimchanganye na kunguru wetu wa asili, ambaye ni mkubwa zaidi, na kifua chake ni cheupe. Katika miaka ya 1890 kunguru wa India waliletwa Unguja ili wale takataka za mjini. Walizila kweli, lakini hawakuishia hapo. Walikula mayai na makinda ya ndege wengine, wakanyakua vifaranga vya kuku, wakazaana. Kufikia mwaka 1917 walikuwa wamehesabiwa miongoni mwa waharibifu. Mwaka 1947 walionekana Mombasa. Watu walitaka mfagiaji asiyelipwa mshahara, wakapata mgeni asiyeondoka.

Sasa tuangalie hasara. Ndege mmoja hula punje chache tu kwa siku, na huenda mwenye ghala asizikose. Hasara kubwa zaidi hutokana na kinyesi na manyoya. Gunia la mahindi lililoangukiwa na kinyesi huweza kukataliwa na mnunuzi. Kinyesi kinachorundikana juu ya mabati hushika unyevu, na mabati huanza kupata kutu. Viota na manyoya huziba mifereji ya paa, na mvua inyeshapo maji hufurika na kuingia ndani.

Kinyesi kikikauka huleta hatari nyingine. Ndani yake huweza kuota kuvu ndogo sana zisizoonekana kwa macho. Mtu akifagia kinyesi kikavu, vumbi huruka, naye huweza kuvuta kuvu hizo mpaka mapafuni na kuugua. Kwa sababu hiyo mfanyakazi hukilowesha kwanza kwa maji, tena huvaa glovu na kufunika pua na mdomo. Kazi hii si ya watoto.

Tufanye nini basi? Watu wengi huanza kwa kuwatisha ndege. Hupiga madebe, hutundika vipande vya bati vinavyong'aa, au husimamisha sanamu ya mtu. Siku za kwanza ndege hukimbia. Baada ya siku chache huona kwamba sanamu haisogei, na kunguru hodari hutua juu ya kofia yake.

Njia iliyo bora ni kuwanyima mahitaji yao. Anza na chakula: zoa punje zilizomwagika, funika mapipa ya taka, na usiyaache matumbo ya samaki wazi. Bila hatua hii, njia nyingine zote hazidumu. Baada ya hapo, zuia njia za kuingilia. Wavu wenye matundu ya milimita 50 humzuia njiwa. Shomoro ni mdogo, hivyo huhitaji wavu wenye matundu yasiyozidi milimita 20 hivi. Kabla ya kufunga wavu, ni lazima kuchunguza viota. Njiwa hutaga mayai mawili, huyaatamia kwa siku 18 hivi, na makinda hukaa kiotani yapata mwezi mmoja. Ukifunga wavu makinda yakiwa ndani, wazazi hawataweza kuyalisha. Yatakufa na kuoza juu ya magunia yale yale uliyotaka kuyalinda.

Ukingo wa ukuta nao huweza kurekebishwa. Fanya jaribio hili. Chukua ubao laini, weka juu yake fungu dogo la nyasi kavu, na juu ya nyasi weka jiwe dogo. Inua upande mmoja wa ubao polepole. Nyasi zinapoanza kuteleza, pima pembe kwa kipimapembe. Mafundi huulaza ukingo kwa nyuzi 45 au zaidi ili ndege asipate mahali pa kusimama wala pa kuweka kiota.

Vipi kuhusu sumu? Sumu huweza kumwua pia ndege asiye na hatia, kuku, au mbwa anayekula mzoga. Ni wataalamu walioruhusiwa tu wanaoweza kuitumia. Hata hivyo, sumu peke yake haitoshi. Katika miaka ya 1990, kunguru wa Unguja walipunguzwa sana kwa mitego na sumu maalumu. Kazi ilipolegea, waliongezeka tena, kwa kuwa takataka zilikuwa bado zipo.

Wala si kila ndege wa ghalani ni adui. Bundi, ambaye watu wengi humfukuza kwa hofu tu, hukamata panya usiku kucha. Mwenye ghala anayemwua bundi amemwua mlinzi wake.

Maswali

1. Chunguza soko au duka lililo karibu na shule yenu. Ndege gani wanaonekana hapo, na wanapata chakula wapi?

2. Kwa nini kinyesi kikavu hulowanishwa kabla ya kuondolewa?

3. Mwenye ghala alifunga wavu wenye matundu ya milimita 50. Njiwa hawaingii tena, lakini bado anaona kinyesi kidogo kidogo juu ya magunia. Unadhani ni ndege gani anayeingia? Utamshauri mwenye ghala afanye nini?